Jenasi Mbili, Nyumba Mbili

Siku hizo watu waliruhusiwa kuishi nyumba moja iwapo tu virusi vilivyomo damuni mwao ni vya jenasi moja, yaani kundi moja katika orodha ya wataalamu. Kwa miaka thelathini, Nakijwa na mumewe Mbonea hawakuwa na wasiwasi wowote.

Asubuhi moja afisa wa afya alibisha hodi. Aliwaeleza kwa upole kwamba wataalamu walikuwa wamevichunguza virusi vyao upya. Ganda la virusi hivyo lilikuwa lilelile la pande ishirini, lakini DNA ya kirusi cha Mbonea ilijifunga kama pete, na ya kile cha Nakijwa ilinyooka. Basi jenasi hiyo imegawanywa kuwa mbili.

"Nani kati yetu amebadilika?" Nakijwa aliuliza.

"Hakuna, mama. Yamebadilika majina tu."

Mbonea alihamia nyumba ya ng'ambo ya njia. Kila jioni Nakijwa alimpelekea makande, akayaweka kizingitini, akarudi nyuma hatua tatu kama sheria ilivyotaka. Mwanzoni Mbonea aliendelea kumwita mama Elinami. Wiki ya sita alichukua bakuli, akatabasamu kwa adabu.

"Ahsante, jirani," alisema, akafunga mlango.

Nakijwa alikuwa amekwisha kufika kwake alipogundua kwamba alikuwa amemjibu, "Karibu, jirani."