Upande Mmoja wa Kanga

Mtaa mzima ulijazana uani kwa Salha kuiona roketi yake ndogo ya kuunganisha kwa mkono, nyeupe, yenye mabawa ya rangi ya fedha kama chombo cha miaka mia ijayo. Gundi ilikuwa bado imemganda vidoleni.

"Lile parachuti lake la karatasi umelipeleka wapi, shoga?" Bi Kidawa akauliza.

"Limechanika. Nimeshona jingine."

Alilishona kwa kipande cha kanga kuukuu, na Bi Kidawa akaitambua mara moja. Doti ile Salha aligawana na Mwanaisha wa nyuma ya ukuta, enzi za urafiki wao, kila mtu upande wake. Sasa mwaka wa pili hawasalimiani.

"Na mbona roketi umeiinamisha kuelekea kwa mwenzio?"

"Upepo, bibi wee. Hebu rudi nyuma usije ukaungua."

Akabonyeza kitufe. Roketi ikafyatuka kwa mlio uliowanyamazisha hata wambea, ikapotelea juani, kisha kanga ikachanua juu, nyekundu, ikashuka taratibu nyuma ya ukuta wa Mwanaisha.

Salha akaenda mwenyewe kugonga geti, watu wote nyuma yake. Zikasikika ndara zikija, zikasimama. Kisha roketi ikasukumwa nje kupitia chini ya geti.

Akaiokota. Nyuzi za parachuti zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, vizuri, mmoja mmoja. Kanga haikurudi.

"Kakasirika huyo," Bi Kidawa akanong'ona, "au?"

Salha alibaki ameinama, akizitazama zile ndara chini ya geti. Zilikuwa bado hazijaondoka.