Rafu ya Juu kwa Masikio

Kapasita ya pili, kidude cha kutunza umeme, nayo ikapasuka kwa kishindo, na Mama akaingia sebuleni na ufagio mkononi.

“Yuko wapi?”

“Nani, Mama?”

“Huyo panya anayepiga bunduki.”

Binti yake, fundi cherehani, alicheka mpaka ikabidi aweke chini chuma cha kulehemu. Kwa mara ya pili alikuwa amechanganya mguu wa chanya na wa hasi. Mbele yake, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kulikuwa na kibao cha kijani kisichozidi kiganja. Vipande vyake vilikuja kwenye mfuko wa nailoni, vya bei rahisi, na karatasi ya maelezo isiyoeleza kitu. Alivipanga kwa ukubwa ndani ya kopo la vifungo. Alivishika kwa kibanio cha kuchomolea nyuzi. Kila alipomaliza kulehemu mguu mmoja, alitia alama kwenye daftari.

Kikikamilika, kifaa hicho kingepokea muziki kutoka kwenye simu, ambao humo ndani ni namba tupu, na kuugeuza kuwa sauti ya kupeleka kwenye spika.

Fundi alitaka kitu kimoja tu: rafu katika duka la mdogo wake. Akiipata, angeunda vingine na kuviuza, na angeachana na kupanua viuno vya suruali za watu wanaoapa kwamba ni kitambaa kilichosinyaa.

Mdogo wake aliuza vyombo vya muziki, na mtaa mzima ulimwita Masikio. Miaka kumi alikuwa akiwaambia wateja kwamba chombo cha bei rahisi hakiimbi, kinakohoa.

Jumamosi asubuhi kibao kikawaka taa. Masikio alipoitwa alikuta wimbo umeshaanza. Akasimama kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka wimbo ukaisha.

“Dada, chukua tu hiyo rafu. Mambo ya nini.”

“Sitaki rafu ya kuhurumiwa. Kesho lete mashine yako ile ya kazi hiihii unayojivunia, tuzishindanishe. Ikinishinda, narudi kwenye suruali zangu na hutanisikia tena.”

“Utalia, dada.”

“Nitalia. Wewe ilete.”

Kesho yake aliileta, nyeusi na nzito, imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wakaviweka vifaa vyote viwili nyuma ya pazia la chumbani. Mama angekaa huko na kupiga wimbo uleule mara mbili, akihamisha waya wa simu na waya wa spika kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Aanze na chochote atakacho, ila asiseme ni kipi. Masikio, kwa masikio yake, ndiye angetaja kilichoimba vizuri zaidi.

Hakuna aliyefaa kukaa nyuma ya pazia kuliko Mama. Maisha yake yote hakuwahi kumsema mtoto mmoja mbele ya mwingine.

Wimbo wa kwanza ukalia. Masikio alifumba macho, akakunja uso kama aliyetafuna ndimu.

“Bati tupu. Mwimbaji ana mafua. Hiki ni chako, dada, pole sana.”

Fundi alitazama mikono yake. Vidole viwili bado vilikuwa na malengelenge ya kulehemu.

“Hamisha, Mama,” alisema taratibu.

Nyaya zikakwaruza. Kisha kimya. Mama akakohoa.

“Hiki cheusi taa yake iko wapi?”

“Hakina taa, Mama,” alijibu Masikio. “Vyombo vya heshima havijitangazi.”

Kimya tena, kirefu zaidi. Nyaya zikakwaruza kwa mara nyingine.

“Haya,” alisema Mama. “Cha pili hicho.”

Masikio aliinuka nusu kwenye kiti.

“Sikia! Sikia hapo! Mpaka pumzi yake naisikia. Mwimbaji yumo humu humu sebuleni, mpe kiti akae! Hiyo ndiyo mashine yangu. Hata wewe, dada, huwezi kubisha.”

Fundi hakubisha. Kwake yeye nyimbo zote mbili zilifanana kama mapacha, lakini moyo ulikuwa ukimdunda kiasi kwamba hakuyaamini masikio yake mwenyewe. Akaenda, akavuta pazia.

Nyaya zote mbili zilikuwa kwenye kibao cha kijani.

Masikio alijipiga kofi kwenye paji la uso.

“Nimeumbuka! Jamani, nimeumbuka mchana kweupe! Rafu ya juu, dada, ile iliyo karibu na mlango. Kesho asubuhi.”

Fundi alimkumbatia Mama, akamzungusha sebule nzima mpaka ufagio ukaanguka. Mama alicheka naye, lakini macho yake yalikuwa kwa mwanawe. Mwishowe akaiviringisha ile mashine nyeusi kwenye taulo lake, akamkabidhi.

Nyumbani, mke wa Masikio alimpokea mlangoni.

“Umeshinda?”

“Nimepigwa. Tena mbele ya Mama.”

“Wewe? Umeshindwa kuitambua mashine yako mwenyewe?”

“Yangu haikuimba kabisa. Mara zote mbili ni ya dada. Mama alihamisha nyaya, akakuta kimya, akazirudisha. Nilijua hataniumbua.”

“Maskini, kumbe imeharibika!”

“Nzima kabisa,” alisema Masikio, akatoa fyuzi kwenye mfuko wa shati lake na kuirudisha mahali pake ndani ya mashine nyeusi.