Kiungio cha Nyuma

Nilab alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia, mkono ameupitisha nyuma ya kompyuta, anapapasa. Vidole vikarudi vimelowa. Akakivuta kitambaa cheupe alichokitandika chini, nacho kimelowa upande mzima. Kitambaa chenyewe kilikuwa mtandio wake wa shule, wa enzi zile wasichana wa mji wao wa Herat walipokuwa bado wanaruhusiwa kwenda shule.

Mtihani ulikuwa kesho asubuhi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimekubali kumsomesha kwa mtandao, na mtihani huo ndio ungeamua kama ataendelea au ataishia hapo. Haufanyiki kwenye simu, na asiyetokea hapangiwi siku nyingine. Yaani maisha yake yote yalining'inia kwenye mashine hiyo moja, na mashine inavuja. Nilab akaukamua mtandio, akalia.

Kompyuta ilikuwa ya kaka yake, Siyawash, kijana asiyejua kufanya jambo kirahisi. Wenzake walipoza kompyuta zao kwa feni. Yeye alitaka maji: pampu ndogo, tangi la kioo, rejeta imefungwa nyuma, na mipira ya kuyazungusha maji humo ndani. Kila mwisho wa mpira ulishikwa na kiungio cha shaba, na ndani ya kiungio mna pete nyembamba ya kuzuia maji yasitoke. Viungio vyote alivinunua vikiwa vimekwisha kutumiwa na watu wengine, akavisafisha, akavifunga upya. Kisha kazi zikakauka mjini, akaaga kwenda Ujerumani. Asubuhi ile mama alimpitisha chini ya Msahafu, Bibi akamwaga bakuli la maji nyuma ya gari ili msafiri arudi, majirani wakalia kama ilivyo kawaida, na Nilab akarithi kompyuta na matatizo yake.

Mwanzoni haikuvuja hata tone. Balaa lilianza wakati wa baridi, Siyawash alipopata chumba chenye mtandao wa maana, wakaanza kuongea naye kwenye kompyuta. Kwenye simu Bibi alikuwa haoni kitu. Kwenye kioo kikubwa alimwona mjukuu wake mpaka ndevu. Siyawash akamtania kwamba sasa amehamia humo sandukuni, Bibi asihangaike tena kumtafuta Ujerumani. Basi kila walipomaliza maongezi, mama alikimbilia jikoni kufuta machozi, Nilab akapeleka vikombe vya chai, na akirudi anakuta maji nyuma. Safari moja mashine ilizimika kabisa, ikabidi ianikwe karibu na jiko la kuni mpaka ikapona.

Nilab akaona jibu liko wazi: video inaichosha mashine, mashine inapata joto, kiungio cha nyuma kinalegea.

Mfa maji haishi kutapatapa. Alikifungua kiungio, akakiloweka kwenye siki, akaisugua hesi yake ya kukazia kwa mswaki mkuukuu. Akapitisha ukucha kwenye pete kutafuta ufa, asiuone. Akakata ncha ya mpira iliyochoka, akailowesha pete isijikunje, akakaza kwa mkono tu, maana Siyawash alikuwa amemkataza koleo. Koleo huikata pete. Maji yakatoka vilevile. Akahamisha viungio, cha nyuma akakipeleka mbele na cha mbele akakileta nyuma. Kile kibovu kikawa kikavu huko mbele, na kile kizima kikaanza kuvuja huku nyuma. Nilab akahisi atapata wazimu.

Alimweleza Siyawash, naye akauliza maji ya tangini yamepungua kiasi gani.

"Hayajapungua."

"Acha mzaha, Nilab jan, dada yangu. Inavuja mwezi mzima na tangi limejaa? Basi umefuga chemchemi, uza maji utajirike."

"Njoo uione mwenyewe, kama unaona ni mzaha."

Bibi, ambaye muda wote alikuwa pembeni na bakuli lake la maji ya kumezea dawa, akamkemea Nilab: msafiri hasemwi hivyo, msafiri anaombewa. Nilab akamwomba radhi.

Usiku wa kuamkia mtihani alikesha hana raha. Asubuhi akapapasa nyuma: pakavu. Akawasha, pampu ikanguruma taratibu. Siyawash akapiga mapema, muda mfupi kabla ya mtihani, akataka kuonyeshwa kila kiungio. Nilab akageuza kamera, akapitisha kitambaa kwenye kiungio kimoja baada ya kingine, kila mara kikatoka kikavu.

"Hapo sawa," Siyawash akasema. "Leo haivuji. Nakuaga sasa ili isipate joto. Bibi, niombee, na huyu naye mwombee."

"Nenda salama, mwanangu," Bibi akajibu.

Picha ikapotea. Nilab akashusha pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu wakati wa baridi aliamini kwamba atafaulu. Ukurasa wa mtihani ulikuwa umeshafunguka, unasubiri saa ifike. Akaenda chumba cha pili kuchukua kalamu na mtandio safi, maana msimamizi wa mtihani angemwona kwenye kamera.

Akiwa huko akasikia mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Kisha mngurumo wa pampu ukakoma.

Alirudi mbio bila viatu. Kioo kilikuwa cheusi, na chumba kinanuka waya ulioungua. Bibi alikuwa amesimama nyuma ya kompyuta, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika bakuli tupu. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Usilie, mjukuu wangu," akasema. "Atarudi. Hajaondoka humu hata mara moja bila mimi kummwagia maji nyuma yake."