Pita Mlangoni

"Pita mlangoni, mwanamke! Umezaliwa zizini?"

Jirani aliyekuja na bakuli la uji alisimama ghafla, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akalitazama fagio mkononi mwa Mama Amina, akamtazama na usoni. Akarudi nyuma, akazunguka mpaka mlangoni, akapiga hodi.

"Karibu, mwenzangu. Pangusa miguu, nimeshapiga deki."

Aliianza kazi hiyo alfajiri, sakafu ya saruji ikiwa bado imelowa umande. Jikoni kwanza, kisha sebuleni, kisha chumba cha kijana wake, ambacho hukifagia kwa mkono mwepesi kana kwamba kuna mtu amelala. Kijana mwenyewe alikwenda kutafuta kazi mbali, akaondoka na hasira zake bila kuaga. Tangu siku hiyo mlango haujatiwa komeo. Mlango wenyewe ni kazi ya marehemu mumewe, seremala, aliyekuwa akijigamba: "Fremu yangu haing'oki, hata mkiniita niing'oe mwenyewe."

"Twende kwangu, dada," jirani alibembeleza. "Angalau ulale kidogo."

"Nikihama, mwanangu akirudi atapiga hodi wapi? Kwako?"

Jirani akaliweka bakuli sakafuni. Upepo ulikuwa umeshaupoza uji.

Jua lilikuwa limejaa jikoni mchungaji alipofika. Huyu hakuhitaji kuambiwa: alikuja mpaka mlangoni, akabisha, akavua viatu. Mama Amina akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtoto wa watu amelelewa.

Jina hilo la Mama Amina alipewa kanisani, maana amina yake huwatangulia wote na huwa ya mwisho kunyamaza. Miaka waliyosali chini ya turubai, mvua ikiwachuruzikia shingoni, wakimwomba Mungu awape kiwanja chao, yeye ndiye aliyeitikia mpaka sauti ikamkauka. Jumapili iliyopita mchungaji alipotangaza kwamba maombi yamejibiwa, kiwanja kimepatikana, aliruka kama msichana, kiatu kikamtoka, watoto wakacheka. Hakuuliza kiwanja kiko wapi. Nani huuliza zawadi ya Mungu imetoka wapi?

"Mama," mchungaji alisema, macho chini, akiukunja na kuukunjua ukingo wa koti lake. "Nimekuja tuombe."

"Tuombe, baba. Mwombee mwanangu auone mlango."

Mchungaji akafumba macho, kama ilivyo desturi yake.

"La, baba. Leo usifumbe." Akamshika mkono, taratibu, kama anavyoshikwa mtoto anayevushwa barabara. "Miaka yote hiyo tuliomba tumefumba. Leo tuombe tunaona."

Akafumbua. Mlango wa seremala ulikuwa umesimama peke yake katika fremu yake, kulia hakuna ukuta, kushoto hakuna ukuta, juu mbingu tupu. Na kwenye kifusi ambacho tingatinga lilikisukumia kando ya sakafu iliyodekiwa, vijana wa kwaya walikuwa wakisimika kibao kipya chenye jina la kanisa lao.