Kengele Nyuma ya Sauti

Mama alikuwa hajala siku mbili, ndipo nikamwekea ile sauti asikilize.

Dada yangu Hamda alikuwa ameikimbia ndoa aliyopangiwa. Alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: “Niko salama. Usimwambie mtu. Ukishasikiliza, futa.” Hakutaja mahali. Nikaona hakuna ubaya mama akijua tu kwamba mwanawe yu hai.

Mama aliibusu simu akilia. Baba akatoka chumbani.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia. Alifumba macho, akategea sikio kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Nyuma ya maneno ya Hamda, kwa mbali, kitu kiligonga: ko, ko, ko.

“Hiyo kengele ya ngamia niliichonga mwenyewe,” akasema. “Mti wake una ufa, ndiyo maana inalia hivyo. Nilimpa dada yangu, kule Modogashe.”

Akachukua fimbo yake, akavaa viatu. Mama akaacha kulia.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ni Hamda: “Abaayo, dada yangu, ulifuta?”

Nje, baba alikuwa anawasha gari. Nilitaka kumwandikia Hamda akimbie, lakini angejua sikufuta.

Nikaandika: “Wallahi, nilifuta.”