Chupa ya Baridi

Tangu kipindupindu kiingie mtaani, Mwanasiti hakumruhusu mtu nyumbani kunywa maji ya kisima yasiyochomwa na jua. Chupa za plastiki zilizojaa maji zilishinda zimelazwa juu ya bati ili jua liue vijidudu, mpaka jioni, ndipo zishushwe.

Siku hiyo alirudi kutoka msibani kwa jirani, akamkuta mama mkwe, aliyefika mchana ule, amempakata mjukuu.

"Kiu ilimzidi, mwanangu. Na zile za juu zote moto kama chai! Bahati nzuri nikaiona hii ya baridi nyuma ya mlango."

Ndiyo aliyoiacha Mwanasiti asubuhi, kilio kilipomwita kabla hajaipandisha juani.

Aliipokea. Ilikuwa tupu, ubaridi bado umo.

Kwa jirani kilio kikapanda tena. Mtoto, kidevu kimelowa, akamnyooshea mama yake mikono.