Kivuli Chini ya Tao la Ushindi

Haya ni kweli tupu, naapa kwa mvi zangu nane zilizobaki. Siku hizi, kwenye gwaride la ushindi, hata waliokufa vitani hupita chini ya tao. Wametengenezwa kwa mwanga, na saluti wanapiga. Utawajua tu kwa kuwa hawana kivuli.

Mke wangu, Mama Shomari, hakwenda, mguu unamsumbua. Niliporudi akauliza, "Mwanetu umemwona?"

"Nimemwona. Kanipungia mkono."

"Na kivuli je?"

"Kirefu, kilinifika miguuni."

"Saa sita mchana, Baba Shomari?"

Kwetu anayenaswa na uongo hupika ugali wa jioni. Nikainjika sufuria, nikapima unga wa watatu, kama tulivyozoea hata baada ya mtoto kwenda vitani.

"Punguza," akasema. "Pima wa wawili."